Zizi Juu ya Mchanga

Wapo wanaosema Debora Lupakisyo alizaliwa mkaidi. Waongo hao. Ukaidi ule alifundishwa, na waliomfundisha ni ndugu zake mwenyewe, siku walipokaa chini ya turubai la msiba kugawana mashamba ya marehemu baba yake.

Babu yao alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge Kilosa. Mkonge ulipokufa familia ikabaki, ikashika jembe kwenye bonde la Mto Miyombo, kandokando ya barabara ya kwenda Mikumi. Mzee Lupakisyo aliacha mashamba mawili. La juu, karibu na barabara, lina udongo mwekundu usio na makuu lakini unaolisha watu. La mtoni ndilo lilikuwa shamba hasa, jeusi kama masizi, mpaka mwaka ule mto ulipovunja kingo zake ukashusha mchanga kutoka milimani na kulifunika lote. Maji yalipoondoka palibaki mchanga mweupe unaofika magotini, safi, unang'aa, hauna hata mdudu. Mzee aliutazama msimu mmoja, akaugua, akafa.

Basi wakakaa kugawana. Yared, mdogo wake Debora, akapewa la juu kwa sababu ni mwanamume na ana watoto wengi. Debora yeye alikuwa amerudi nyumbani kutoka Ruhembe, alikoachana na mume mkata miwa, akiwa na binti yake Imani na sanduku moja la nguo. Baba mdogo Optatus, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, akakuna kidevu na kusema, "Debora naye apewe la mtoni." Mtu mmoja nyuma akadakia, "Mpeni mchanga, mtoto atachezea!" Turubai zima likacheka, hata wale waliokuwa bado na macho mekundu ya kulia.

Debora hakucheka. "Nimepokea," alisema. "Na mmesikia wote kwamba nimepewa."

Msimu wa kwanza alipanda mahindi, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Mvua ilinyesha vizuri tu, lakini mchanga ule uliyanywa maji yote yakashuka chini kabla mizizi haijaonja. Mahindi yalifika kiunoni yakiwa ya njano, yakatoa magunzi matupu. Akajaribu kunde, zikaungua kwa jua. Wapita njia walimwuliza kwa ule upole wa kuchoma, "Mama Imani, shamba linaendeleaje?" Naye alijibu, "Linaendelea," akainama tena kupalilia mahali pasipo na kitu cha kupaliliwa.

Hayo angeyavumilia. Kilichogeuza mambo ni malori. Ujenzi ulikuwa umepamba moto Mikumi, nyumba za wageni zinachomoza kila upande wa barabara kuu, na ujenzi unataka mchanga. Mfanyabiashara mmoja akapita bondeni, akachota mchanga wa Debora kiganjani, akausugua, akaupuliza, akasema hajaona mchanga safi namna ile tangu aanze kazi. Jioni Yared alikuwa kibarazani kwa baba mdogo Optatus, na kesho yake Debora akaitwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Optatus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaishe, na watu wa aina hiyo nao wana madhara yao. "Lile shamba ulipewa ulime. Sasa halilimiki. Ardhi ya ukoo isiyozaa inarudi kwa ukoo, hiyo ni desturi, sikuitunga mimi. Tutachimbisha mchanga, kila mtu apate chochote. Na wewe hutasahauliwa."

"Mkishachimba kitabaki nini?"

"Shimo," alisema Yared bila hata kuona haya. "Dada, ule ni mchanga. Unalilia mchanga?"

"Silii mimi. Mlinipa huku mnacheka, sasa mnalitaka na hakuna anayecheka. Shamba ni langu."

Walibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Mwishowe baba mdogo akakata shauri. Mvua za masika zitakapoanza, watakwenda wote kuangalia. Wakikuta mmea umesimama pale wenye afya, hata kama ni kona moja tu, shamba ni la Debora na hakuna wa kuligusa. Wakikuta hakuna, malori yataingia. Debora alikubali, maana angekataa malori yangeingia wiki ile ile.

Afisa ugani wa kata alikuwa binti aitwaye Lightness, mwenye pikipiki na mabuti ya mpira. Debora alimfuata ofisini, na yule binti akaja bila kuombwa mara mbili. Alichukua mchanga kiganjani, akaulowesha, akajaribu kuuviringisha uwe kamba. Ukamwagika wote.

"Mama, huu hauna cha kushikilia maji wala chakula cha mmea," alisema. "Ukiweka mbolea ya dukani peke yake, mvua ya kwanza itaisomba. Unahitaji mboji na samadi, nyingi, na udongo wa mfinyanzi wa kuchanganya nao. Halafu chini ya mchanga huu udongo wa mzee bado upo, haukwenda popote. Tuupandishe juu."

"Samadi nyingi kiasi gani?"

Lightness alilitazama shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Halikuwa kubwa, lakini samadi hailetwi kwa macho. "Siyo ya beseni, mama. Ya zizi zima."

Debora alikuwa na mbuzi wawili na kuku wasiokaa nyumbani. Mazizi ya maana yalikuwa ng'ambo ya mto, kwa Wamasai. Na asiyelijua bonde lile lazima aambiwe: mkulima na mfugaji pale husalimiana kwa mbali. Mahindi yameliwa usiku, ng'ombe wamekamatwa, watu wamekatana mapanga, na pande zote mbili zimezika. Debora mwenyewe, msichana mbichi wakati huo, aliwahi kusimama na mama yake shambani wakiwarushia ng'ombe mawe huku wanalia kwa hasira. Kwenda kumwomba mfugaji kitu ilikuwa sawa na kwenda kumwomba mkwe uliyemtukana.

Akaenda.

Mzee Sempele alikuwa amekaa kwenye kigoda langoni mwa boma lake. Mkewe Seleina alikuwa anakandika ukuta wa nyumba kwa mavi ya ng'ombe, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Debora akaamkia, akajibiwa, akapewa mahali pa kukaa, akaeleza shida yake tangu mafuriko mpaka malori bila kuficha kitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama, mavi hayatoki kwenye zizi ambamo ng'ombe wanalala. Ukiyatoa, umetoa baraka, na ng'ombe wataifuata. Baba yangu hakutoa. Mimi sitatoa."

"Kwa hiyo yatakaa hapo tu mpaka lini?"

"Mpaka tuhame."

Debora akasimama. Shingo ilikuwa imempanda moto. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa bei kubwa, hata kwa mbwa, lakini si kwa hilo. Alikuwa ameshageuka aondoke Seleina alipoanza kucheka.

"Huyu mama anatafuta mavi," alimwambia mumewe, kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie. "Wewe unatafuta mahali. Mbona hamsikilizani?"

Ndipo Debora alipojua kwamba Sempele naye alikuwa na kisu shingoni. Pale alipo alitakiwa apahame kabla ya kiangazi kuisha, mahali pamepangiwa matumizi mengine, na kila alipouliza nafasi karibu na maji aliambiwa hakuna. Seleina akajifuta mikono, akamshika Debora mkono, akampeleka nyuma ya boma. Nchi nzima pale ilikuwa imekauka rangi ya kijivu, ila sehemu moja ya duara ilikuwa na nyasi za kijani zinazofika mapajani.

"Hapa tulikaa kabla sijamzaa Lemayan," alisema. "Lemayan sasa ana mke. Zizi halitolewi mavi, dada. Zizi linahama, na mavi yanabaki kwa mwenye ardhi."

Debora alipiga magoti, akachimba kwa vidole. Ardhi yote ile ilikuwa ya mchanga, lakini mchanga wa kwenye duara ulikuwa mweusi, una ubaridi, na ulipofinywa ulishikana. Akakaa pale akiufinya na kuuachia, akiufinya na kuuachia, mpaka Seleina akamwambia watu wanasubiri.

Walirudi kwa mzee. Debora akamwambia aje na zizi lake lote, alijenge juu ya mchanga wake kiangazi chote, alisogeze kidogo kidogo mpaka shamba lote liwe limelaliwa na ng'ombe. Yeye atampa njia ya kwenda mtoni kupitia ardhi yake mwenyewe. Nyasi za mvua zikichipua wao wavuke warudi mbugani, na kila kilichoanguka chini kibaki.

"Mkulima anakaribisha ng'ombe shambani," alisema Sempele polepole, kama mtu anayeonja maneno.

"Anakaribisha."

"Wenzako watakuua."

"Walishaanza. Wewe lete ng'ombe."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akaagiza maziwa. Yalikuja kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, mazito. Debora hakuwa mnywaji wa maziwa, lakini aliyanywa yote hadi chini, na hilo Seleina amelisimulia mara nyingi kuliko mengine yote.

Kijiji kikawaka. Kabla hata mwiba wa kwanza wa zizi haujachomekwa, Debora aliitwa kwenye mkutano, na watu walijaa kuliko siku za kugawa mahindi ya msaada. Yared ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Ndugu zangu, hakuna hapa ambaye hajazika mtu au shamba kwa sababu ya ng'ombe. Leo dada yangu wa tumbo moja anawafungulia mlango. Mimi nasema amechanganyikiwa, na familia tunaomba radhi."

"Usiniombee radhi, sijakutuma," Debora alisema, akasimama bila kungoja apewe nafasi. "Mwenyekiti, naomba nijibu. Ng'ombe hawa wanapita kwenu kila kiangazi, mtake msitake. Wanapita usiku kwa sababu mchana mnawapiga mawe, hata mimi niliwapiga. Sasa nimewapa mahali pa kulala na njia ya kupita mchana mbele ya macho ya kila mtu. Aniambie mmoja wenu, kwenye mchanga wangu kuna nini cha kuliwa? Mlisema hapazai hata mbigili. Kama mnaona uchungu Wamasai kuniletea samadi, nileteeni nyie. Nani analeta? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Wapo waliotazama chini, na wapo walioguna. Mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyependa maneno marefu kabla ya kula, akatoa sharti: siku ng'ombe mmoja atakapokula jani la mtu, siku hiyo hiyo zizi linavunjwa na Debora asije ofisini kulalamika. Debora akasema sawa. Sempele, aliyekuwa amesimama nje dirishani na fimbo yake, naye akasema sawa.

Wakaja. Seleina na wanawake wa boma walikata matawi ya miiba wakazungushia kipande cha kwanza pembeni ya mto, na ng'ombe wakalala juu ya mchanga mweupe. Kila baada ya siku kadhaa uzio ulifumuliwa ukafumwa upya hatua chache mbele. Nyuma yake palibaki kapeti la mavi na mikojo, nzi wengi, na harufu iliyofika mpaka kanisani. Lightness alikuja akafurahi mpaka akasahau kuvua kofia ya pikipiki. Alisema mkojo ni nusu ya mali, jua lisiuibe, kwa hiyo kila kipande kilichoachwa Debora alikifunika kwa nyasi siku hiyo hiyo.

Alijifunza kuogopa ng'ombe kwa namna mpya. Zamani aliogopa wasiingie kwake. Sasa aliogopa wasitoke. Asubuhi moja ndama mmoja alichoropoka, akakimbia moja kwa moja kuelekea bustani ya kabichi ya jirani. Debora aliacha jembe, akakunja kanga, akamkimbilia kwa miguu yake ya mama mtu mzima, akamshika mkia hatua chache kabla ya tuta la kwanza. Ndama akamburuta. Jirani alisimama na ndoo yake akitazama, akashindwa kujua acheke au apige yowe. Ndama hakula jani hata moja, ila Debora alichubuka goti, na Lemayan alimtania kiangazi chote kwamba sasa anastahili kupewa fimbo na kuchunga.

Nyasi zilipoanza kuchipua mbugani, zizi likavuka mto na kuondoka. Ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Debora alichimba mitaro kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine, karibukaribu, kila mtaro ukishuka mpaka jembe ligonge udongo mweusi wa zamani. Aliupandisha ule udongo juu, akashusha samadi chini, akavichanganya na mchanga mpaka hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Pale ambapo mchanga ulikuwa mnene zaidi alileta udongo wa kichuguu kwa toroli. Kuna waliomwonya kwamba vichuguu vina wenyewe na havibomolewi hovyo. Aliwajibu kwamba wenyewe ni mchwa, ameshawapigia hodi.

Mboji aliipanga kivulini, tabaka juu ya tabaka: mabua, majani ya migomba, samadi, majivu ya jikoni, na juu ya kila tabaka akanyunyiza unga wa mawe ya Minjingu, ambao Lightness alisema unatoa fosfeti, chakula cha mizizi, polepole na mchanga hauwezi kuupoteza kirahisi. Katikati ya lundo alichomeka kijiti kirefu. Kila asubuhi alikichomoa na kukishika: kikiwa cha moto, lundo linapika, kikiwa kikavu, analimwagia maji, siku kikitoka cha baridi na chenye harufu ya msituni, mboji imeiva. Aliipenda kazi ile ya kijiti. Alikuwa anakwenda kukishika hata asubuhi ambazo alikuwa amekwisha kukishika.

Lakini ukaidi nao hauna macho ya nyuma. Kona ya mwisho ya shamba, mahali zizi lilipolala mwisho kabisa, samadi ilikuwa bado mbichi. Lightness alimwambia waziwazi, "Hapo usipande mpaka masika yamenyesha. Mavi mabichi yanaunguza." Debora alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Baba mdogo alisema mmea uliosimama, hata kona moja. Vuli ilipodondosha mvua akafukia mahindi katika kona ile kimyakimya, ili masika yakute kitu kimesimama na mdomo wa Yared ufungwe mapema.

Yakaota. Siku za kwanza yalikuwa ya kijani kibichi cha kutisha, na Debora alipita mbele yao akitembea kama bi harusi. Kisha ncha za majani zikaungua, zikajikunja, na mche baada ya mche ukalala chini. Lightness alifika. Aling'oa mche mmoja akamwonyesha mizizi, ya kahawia, imekwisha. Debora alilia siku ile. Alilia kwa sauti, katikati ya shamba, akijitukana mwenyewe kwa majina yote aliyowahi kuitwa na wengine. Alipomaliza akauliza, "Sasa?"

"Sasa tunasubiri, kama nilivyosema."

Habari zikamfikia Yared kabla ya jua kuzama. Alipanda yakafa, basi yameisha, ndivyo alivyozunguka akisema. Hata waliokuwa wameanza kumhurumia Debora walisema tatizo ni mchanga, mchanga hauna dawa.

Masika yakaja kwa kishindo, mvua ya siku mbili mfululizo. Maji hayakuzama moja kwa moja kama zamani. Yalikaa kidogo juu ya mitaro yakizubaa, kisha yakaingia taratibu. Debora akaanza kupanda shamba zima, mbegu na kiganja cha mboji iliyoiva katika kila shimo. Alfajiri iliyofuata alikuwa anamalizia mistari ya mwisho aliposikia lori.

Lilishuka njia ya mtoni likiyumba kwenye matope, limebeba vijana wenye makoleo. Mbele walikaa Yared na yule mfanyabiashara kutoka Mikumi. Baba mdogo Optatus alikuja nyuma kwa miguu na mwavuli, na nyuma yake nusu ya kijiji, maana hakuna anayetaka kuhadithiwa jambo kama hilo. Lori likasimama magurudumu yakiwa ndani ya shamba.

"Baba mdogo, tazama mwenyewe," Yared alisema. "Masika yameanza. Kuna mmea uliosimama?"

Hakuna. Palikuwa na ardhi tu, imelowa, imetulia. Optatus alitazama huku na huku kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba alitamani aone hata jani moja. Hakuliona. Akamtazama Debora, akashusha pumzi. Debora alisimama na jembe lake mkononi. Alikuwa ameamua kwamba koleo la kwanza litapita juu yake.

Mfanyabiashara hakungoja mambo ya ukoo. Alichukua koleo, akachimba, akachota kiganjani, akasugua. Akakunja uso. Akasogea hatua kadhaa, akachimba tena. Kisha akamwomba kijana mmoja chupa yake ya maji ya kunywa, akatia mchanga ndani, akatikisa, akainyanyua juu mbele ya macho yake. Maji yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

"Wewe bwana," alimwambia Yared, "umeniita kuchukua mchanga. Mchanga uko wapi?"

"Si huo hapo!"

"Huu siyo mchanga. Huu ni udongo. Niupeleke Mikumi nikaambiwe nini? Ukichanganya na saruji ukuta wote utapasuka."

"Chimba chini! Chini ni safi!"

Akachimba chini, kwa hasira sasa, mpaka magotini. Koleo likatoka na bonge jeusi lililong'ang'ania chuma, na ndani yake nyungunyungu mnene anajinyonganyonga. Mfanyabiashara alilibandua kwa kidole, akalitupa pembeni, akaanza kufuta mikono kwenye suruali.

"Ameuharibu!" Yared alipiga kelele. "Baba mdogo, ule ulikuwa mchanga wa ukoo mzima na ameuharibu kwa makusudi!"

"Ndiyo," alisema Debora, na sauti yake ilifika mpaka kwa walio nyuma kabisa. "Nimeuharibu kwa makusudi. Nimeuharibu kwa jembe, kwa mavi ya ng'ombe na kwa huu mgongo wangu. Mnaweza kuuzoa mkaupeleke mnakotaka. Nani anautaka?"

Baba mdogo Optatus alifunga mwavuli wake, ingawa manyunyu yalikuwa bado yanadondoka. "Haya, basi," alisema. "Yaishe. Mwacheni tu na shamba."

"Sitaki kuachwa, baba mdogo." Debora alimsogelea, kwa heshima, jembe limewekwa chini. "Anayeachwa leo anarudiwa kesho. Sema shamba ni la nani. Sema hawa wote wasikie."

"Debora, mmea uliosimama sikuuona. Tulikubaliana."

"Mbegu ziko chini, nimepanda jana na leo. Kaa hapa wiki hii uzitazame zikitoka, nitakuletea kiti na chakula. Lakini usiondoke bila kusema."

Mavuno ya mwaka ule yamesimuliwa sana bondeni, jinsi mahindi yalivyobeba mawili mawili, jinsi kiangazi cha katikati ya masika kilivyoyanyausha ya jirani na haya yakabaki yamekunjua majani, jinsi Yared mwenyewe alivyokuja kuulizia njia ya kufika kwa Sempele. Yasimuliwe tu. Lakini asubuhi ile hapakuwa na hindi hata moja. Palikuwa na mzee aliyesimama kwenye udongo uliolowa, anatazama chini, na mguu wake wa kulia umezama kidogo. Aliinama, akachota, akafinya. Alipofungua kiganja, bonge lilibaki limeshikana, na alama za vidole vyake juu yake.

Alilishika hivyo kwa muda. Lilikuwa na rangi ile ile ya udongo aliolima na kaka yake walipokuwa vijana.

"Shamba hili ni la Debora Lupakisyo," alisema kwa sauti. "Siyo la ukoo. Ni lake, na baada yake ni la Imani. Mwenye neno alitoe sasa."

Yared akarudi kwenye lori.

"Asante, baba mdogo," Debora alisema, akaokota jembe lake. Kisha akamgeukia dereva. "Haya, ondoa gari. Unanikanyagia mbegu."